Spectrum, Commodore 64 au BBC Micro: ukitaka kukusanya kompyuta za zamani, uanze na ipi?

Muulize Mwingereza wa miaka hamsini na kitu ununue kompyuta gani ya zamani, atakutajia ile aliyokuwa nayo yeye utotoni. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Aliyezawadiwa Spectrum siku ya Krismasi atakuapia kwamba hakuna nyingine, wa Commodore 64 atamcheka, na yule aliyekuwa na mzazi mwalimu atasubiri zamu yake aisifie BBC Micro. Ubishi huo ulianza kwenye viwanja vya shule za Uingereza mwaka 1982 na haujaisha. Tofauti ni kwamba wabishi sasa wana mvi, na wana pesa za kununua zote tatu.

Wengi wetu ubishi huo ulitupita. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Hata bila marufuku, mashine hizi zilitumia televisheni ya sebuleni kama skrini, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na yake ya rangi tangu 1973. Waliozigusa enzi hizo ni waliosoma au kuishi Ulaya, waliokulia Ghuba, na wachache walioletewa na ndugu. Sisi wengine tumezipenda ukubwani, kwa kuziona kwenye video na kusoma habari zake.

Mimi naona hiyo ni nafuu. Mwingereza anafungwa na utoto wake, wewe hufungwi na chochote. Unaweza kuzipanga mezani ukauliza ipi inakufaa kweli. Na swali la kuuliza si ipi iliuzwa zaidi wala ipi ina magemu mengi. Uliza mambo matatu: umeme wake utatoka wapi, picha yake utaionea wapi, na programu zitaingiaje ndani yake. Mtu anayenunua bila kuyajibu hayo hubaki na pambo la kabati.

Zilitoka wapi

BBC Micro ndiyo iliyotangulia, Desemba 1981. Shirika la BBC lilikuwa linaandaa vipindi vya kuufundisha umma kompyuta, likataka mashine ya kwenda navyo sambamba, na kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge ikapata kazi hiyo. Model A ilitangazwa kwa pauni 235 na Model B kwa pauni 335, kisha bei zikapanda hadi 299 na 399. Ilikuwa ghali kwa familia ya kawaida, lakini serikali ilizilipia shule nusu ya gharama, kwa hiyo watoto wengi waliikuta darasani badala ya nyumbani. Ziliuzwa kama milioni moja na nusu.

Miezi michache baadaye, Aprili 1982, Clive Sinclair, ambaye naye alikuwa na kampuni yake Cambridge hapo hapo, alitoa ZX Spectrum. Yeye shabaha yake ilikuwa bei. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na ya kilobaiti 48 pauni 175. Kiwanda cha Timex kule Dundee, Scotland, ndicho kilichoziunganisha. Zikauzwa zaidi ya milioni tano, bila kuhesabu zile zilizoigizwa kwa maelfu katika Umoja wa Kisovyeti.

Commodore 64, au C64 kwa kifupi, ni Mmarekani. Ilionyeshwa Januari 1982 na kuingia madukani Agosti kwa dola 595, kisha bei ikaporomoka haraka, kwa sababu Commodore ilikuwa inamiliki kiwanda cha chipu, MOS Technology, na hivyo haikumlipa mtu mwingine faida. Makadirio ya mauzo yanaanzia milioni 12.5 na kupanda hadi 17. Hakuna modeli nyingine moja ya kompyuta ya mezani iliyouzwa kiasi hicho.

Usihangaike sana kulinganisha megahezi. Spectrum ina 3.5, BBC ina 2, C64 ina kama 1 tu, lakini prosesa ya Z80 iliyo ndani ya Spectrum hutumia mapigo mengi zaidi kwa kazi ile ile kuliko 6502 na ndugu yake 6510 zilizo ndani ya hizo mbili. Kwa hesabu za kawaida BBC ndiyo yenye kasi kuliko zote. Kwa magemu C64 huokolewa na chipu zake za picha na sauti, ambazo huipunguzia prosesa mzigo.

Umeme na televisheni kabla ya mashine

Hapa walioko Tanzania, Kenya, Uganda na Oman wana bahati ambayo mkusanyaji wa Marekani hana. Umeme wetu ni wa namna moja na wa Uingereza, volti 230 hadi 240 na hezi 50. Plagi ya meno matatu ya mraba ni ile ile, na televisheni zetu zinasoma PAL, mfumo wa picha wa Uingereza. Spectrum au BBC iliyotoka Leicester unaichomeka ukutani bila transfoma ya kati.

C64 ndiyo inayotaka umakini, kwa sababu ipo ya Ulaya na ipo ya Marekani. Ya Marekani huja na adapta ya volti 110, ambayo ukiichomeka kwetu unaunguza. Picha yake ni NTSC, mfumo wa Marekani. Na hata ukitatua hayo, programu nyingi zilizoandikwa Ulaya zilitegemea mwendo wa PAL wa picha 50 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye mashine ya Marekani muziki wake hukimbia na nyingine hugoma kabisa. Ndugu yako wa Houston akikuambia ameiona moja kwa bei ya kutupa, mshukuru, kisha utafute ya Uingereza au Ujerumani. Ya Ujerumani itakuja na plagi ya meno mawili ya duara, na hilo ni suala la kiunganishi kidogo cha dukani.

Kwa upande wa picha, Spectrum ya kilobaiti 48 hutoa mawimbi ya antena tu, kwenye chaneli 36 ya UHF. Televisheni nyingi mpya hazina tena kitafuta mawimbi cha analojia, na zilizo nacho huonyesha picha yenye chenga. Dawa yake ni kumpa fundi afungue kile kikopo cha bati juu ya ubao, akate njia ya mawimbi, na kuunganisha waya wa video moja kwa moja kwenye tundu lile lile ili uweze kutumia waya wa njano wa kawaida. Ni kazi ndogo kwa fundi anayejua kulehemu.

C64 ina tundu la video tangu kiwandani. Unanunua waya mmoja tu na picha inatoka safi. BBC ndiyo yenye picha nzuri kuliko zote kupitia tundu lake la RGB, linalotuma nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, lakini tundu hilo linataka skrini zilizokuwa Ulaya na ambazo huku ni adimu. Tundu lake jingine la video hutoa picha nyeusi na nyeupe mpaka urekebishe kiungo kimoja ndani. Leo kuna vibao vya kugeuza RGB yake kuwa HDMI, vinavyoendeshwa na kompyuta ndogo ya ubao mmoja iitwayo Raspberry Pi, na matokeo yake ni mazuri mno. Ni gharama nyingine ya kuweka kwenye hesabu.

Kama bado una TV ya chogo ya inchi 14 mahali fulani stoo, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hizi mashine zilichorewa picha zake kwa ajili ya kioo cha namna hiyo. Kwenye skrini bapa kubwa, vidoto vya Spectrum huwa kama matofali.

Spectrum: rahisi kuingia, rahisi kutengeneza

Ukiishika mara ya kwanza utashangaa udogo wake. Inazidi nusu kilo kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo kuisafirisha ni rahisi hata ndani ya begi la mtu anayerudi likizo. Vitufe vyake ni vya mpira, laini, na havina mlio wala kina. Anayetaka kuandika kwa kasi atachoka nayo mapema.

Lakini ina njia yake ya kuandika ambayo hutaisahau. Huandiki amri herufi kwa herufi. Unabonyeza J, na neno LOAD linatokea zima. Unabonyeza B, linatokea BORDER. Ongeza 2, gonga ENTER, na kingo zote za skrini zinakuwa nyekundu. Kila kitufe kina maneno mpaka matano yaliyoandikwa juu yake, chini yake na ndani yake, na siku za mwanzo utakuwa unatafuta kwa kidole. Ukishazoea, mkono unakwenda wenyewe.

Kwangu mimi, hoja kubwa ya kuichukua Spectrum ni jinsi programu zinavyoingia. Enzi zile zilikuwa kwenye kaseti za kawaida za redio, na kompyuta husoma sauti tu. Haijali sauti hiyo inatoka wapi. Kwa hiyo unachukua waya wa milimita 3.5, upande mmoja kwenye tundu la EAR nyuma ya Spectrum, upande wa pili kwenye tundu la hedifoni la simu yako. Zipo programu zinazogeuza faili la kaseti kuwa sauti. Unabonyeza J, kisha alama za nukuu mara mbili, ENTER, halafu unacheza faili kwenye simu. Kwanza utaona mistari minene ya wekundu na samawati kwenye kingo za skrini huku mlio mmoja mrefu ukisikika. Halafu mistari inakuwa myembamba, njano na bluu, na sauti inakuwa ya kukwaruza. Baada ya dakika kama tano gemu liko ndani. Ongeza sauti ya simu karibu na mwisho, na uzime WhatsApp kwanza, maana ujumbe ukilia katikati inabidi uanze upya.

Mapungufu yake nayo ni ya wazi. Sauti ya modeli ya 48 ni mlio tu kutoka spika ndogo. Rangi hugombana: skrini imegawanywa katika miraba ya vidoto 8 kwa 8, na kila mraba unaruhusiwa rangi mbili tu, kwa hiyo mtu mweupe akipita mbele ya ukuta wa njano naye huwa wa njano. Waandishi wa magemu walilikwepa hilo kwa kuchora vitu vya rangi moja, na ndiyo maana magemu mengi ya Spectrum yana sura moja inayofanana.

Kwenye matengenezo, kuna vitu vitatu vya kujua. Chini ya mpira wa vitufe kuna utando wa plastiki wenye mikia miwili inayoingia kwenye ubao. Baada ya miaka arobaini plastiki hiyo imekauka, na ukifunua kifuniko kwa nguvu mkia unakatika papo hapo. Utando mpya unatengenezwa hadi leo na hauna bei kubwa. Pili, chipu za kumbukumbu ya chini huhitaji volti tatu tofauti, na mzunguko mdogo unaozitengeneza ukifa, chipu nazo huenda nao. Tatu, adapta yake ni ya volti 9 lakini hasi iko katikati ya pini, kinyume cha adapta nyingi za leo. Usichomeke adapta yoyote unayoiona nyumbani kwa sababu tu imeandikwa 9V. Na kwa kuwa haina swichi, wala usiingize au kuchomoa kitu kwenye mlango wa nyuma ikiwa na umeme.

Yote hayo yanatengenezeka. Vifuniko vipya, mpira mpya, hata mbadala wa ile chipu kuu iliyotengenezwa na Ferranti, vyote vinapatikana. Fundi wa redio mwenye uvumilivu anaweza kuisoma ramani yake yote kwa jioni moja. Kama vitufe vya mpira vinakukera, tafuta Spectrum +2 ya mwaka 1986, iliyotolewa na Amstrad baada ya kuinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair. Ina kibodi ya kweli, kilobaiti 128, muziki wa njia tatu, na deki ya kaseti imejengwa ubavuni. Ubaya ni kwamba deki ikiharibika, kuingiza sauti ya simu si jambo la kuchomeka waya tu.

Commodore 64: nzuri kuliko zote, ukiilinda

Ukiwasha C64 unapata skrini ya bluu yenye kingo za bluu mpauko, maneno 38911 BASIC BYTES FREE, neno READY, na mraba unaopepesa. Ni skrini ambayo hata mtu asiyewahi kuimiliki anaitambua.

Ina vitu viwili ambavyo wenzake hawana. Cha kwanza ni chipu ya picha inayobeba maumbo manane yanayotembea yenyewe juu ya mandhari bila kuifuta, ndani ya rangi 16. Cha pili ni SID, chipu ya sauti aliyoibuni Bob Yannes, mtu aliyekuwa anawaza vinanda vya elektroniki kuliko kompyuta. Ina sauti tatu tu, lakini ina vichujio, na ndiyo maana mpaka leo wapo wanamuziki wanaoitungia nyimbo mpya. Kama sikio lako ndilo linalokuvuta kwenye mambo haya, acha kusoma ulinganisho na uichukue C64.

BASIC yake, yaani lugha ya kuandikia programu iliyo ndani ya mashine, kwa upande mwingine, ni ya aibu. Mashine yenye picha na sauti nzuri kuliko zote haina hata amri moja ya kuchora wala ya kupiga noti. Ile kazi ya kupaka kingo rangi nyekundu, ambayo Spectrum inaifanya kwa BORDER 2, hapa unaandika POKE 53280,2. Inafaa kwa mtu anayetaka kujua kompyuta inafanya kazi vipi hasa, maana inakulazimisha uzijue anwani za kumbukumbu. Kwa mtoto wako wa darasa la tano itakuwa mateso.

Sasa kuhusu ulinzi. Adapta ya asili ya C64 ni tofali zito jeusi au la kijivu, ambalo mara nyingi limejazwa gundi ngumu ndani ili lisifunguliwe. Hutoa volti 9 za AC na volti 5 za DC. Kile kinachodhibiti volti 5 kikichoka, hakizimi. Hupandisha volti. Kumbukumbu na chipu nyingine huungua kimya kimya, na mwenye nayo huona skrini tupu tu. Kibaya zaidi, tofali linaweza kupima vizuri likiwa baridi kisha likapanda likishapata joto. Fundi wa kwetu akikuambia ameipima kwa mita na iko sawa, muulize aliipima baada ya muda gani. Msimamo wangu: usiwashe C64 kwa adapta ya asili hata mara moja. Nunua adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili yake, au kifaa kidogo cha kukaa katikati kinachokata umeme volti zikizidi.

Kwenye programu, simu haikusaidii moja kwa moja. Deki yake ya kaseti ina plagi ya peke yake, na kompyuta haisomi sauti bali ishara iliyokwisha kuchakatwa ndani ya deki. Diskidraivu ya asili, 1541, ni kompyuta nyingine kamili yenye prosesa yake, nzito, na polepole kiasi cha baiti 400 hivi kwa sekunde. Nzuri kuwa nayo kama ukumbusho, lakini kuisafirisha mpaka Mwanza kutakugharimu. Watu wengi leo hutumia SD2IEC, kijibao kidogo kinachojifanya diskidraivu na kusoma memori kadi. Hakiigizi kila kitu cha 1541, kwa hiyo baadhi ya magemu yenye ulinzi wa ajabu hugoma, lakini kwa anayeanza kinatosha.

Tahadhari nyingine ni kwenye SID yenyewe. Zipo mbili, 6581 ya mwanzo na 8580 ya baadaye, na hutumia volti tofauti, kwa hiyo huwezi kubadilishana kiholela. Na kwa kuwa ni adimu, chipu bandia zimejaa sokoni, zimefutwa maandishi na kuandikwa upya. Ukikuta SID pekee yake inauzwa bei ya chini sana, mpe mwingine hiyo bahati. Wapo wanaotengeneza mbadala wa kisasa, na kwa masikio ya wengi wetu unatosha.

BBC Micro: ya kujifunzia

Hii imejengwa kama kifaa cha ofisi. Ni zito, kubwa, kibodi yake ni ya kuandikia kweli, na adapta iko ndani. Ukiiwasha hutoa mlio wa sauti mbili na kukuonyesha alama ya >, inasubiri amri.

BASIC yake iliandikwa na Sophie Wilson, na iko mbali na za wenzake. Ina taratibu zenye majina, ina amri za kuchora na kupiga sauti, na unaweza kuandika lugha ya mashine katikati ya programu ile ile. Kwa mtu anayetaka kumfundisha mtoto, au kujifundisha mwenyewe, kuandika programu kwenye chombo halisi, hakuna ya kuishinda kati ya hizi tatu. Chini ya tumbo lake kuna milango mingi: wa printa, wa diski, wa kuunganisha vifaa vyako vya majaribio, na ule unaoitwa Tube wa kuongezea prosesa ya pili. Kupitia mlango huo Acorn walijaribu mwaka 1985 prosesa yao mpya waliyoiita ARM, iliyobuniwa na Wilson huyo huyo pamoja na Steve Furber. Vizazi vya prosesa hiyo ndivyo vilivyo ndani ya simu unayosomea makala hii.

Udhaifu wake wa kwanza ni kumbukumbu. Model B ina kilobaiti 32, na picha nzuri zaidi zinakula 20 kati ya hizo. Magemu yake ni machache na yana sura ya kishule, ingawa Elite ya mwaka 1984, safari ya angani yenye magalaksi manane, ilizaliwa hapa. Udhaifu wa pili uko kwenye adapta ya ndani: kuna kapasita za kuchuja umeme, aina ya Rifa, zenye ganda linaloonyesha ndani kama kaharabu. Kwa umri zinapasuka nyufa, zinanyonya unyevu, na siku moja ukiwasha zinalipuka kwa moshi mzito wenye harufu isiyotoka kwenye mapazia. Mara nyingi mashine haifi, lakini utadhani imekufa. Zibadilishwe kabla ya kuwashwa, hasa kama unakaa Tanga, Mombasa au popote kwenye unyevu wa pwani.

Uzito ndio unaoniondolea hamu ya kumshauri mtu wa kwetu aanze nayo. Gharama ya usafiri inaweza kushinda ya mashine. Lakini kama uko Uingereza, au una ndugu anayefunga kontena, hesabu inabadilika kabisa.

Walioko Muscat au Dubai nawaongezea jina la nne: Sakhr. Kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, chini ya Mohammed Al-Sharekh, iliuza miaka ya 1980 kompyuta za mfumo wa MSX zenye Kiarabu ndani yake. Kwa Mswahili aliyekulia huko, hiyo ndiyo kumbukumbu ya kweli. Bado zinaonekana kwa wauzaji wa Ghuba, na ukiipata nzima usiiache kwa sababu tu makala za Waingereza haziitaji.

Au nakala mpya?

Kama lengo lako ni kucheza tu wikendi, huhitaji mashine ya miaka arobaini. Kampuni ya Retro Games imetoa THEC64 ya ukubwa kamili mwaka 2019 na The Spectrum mwaka 2024, yenye vitufe vya mpira kama vya asili. Zote huchomekwa HDMI, hutumia umeme wa USB, na huja na magemu ndani. Angalia usichanganye na THEC64 Mini ya 2018, ambayo kibodi yake ni ya kuchorwa tu, haibonyezeki. Ndani ya hizi kuna programu ya kuiga. Chipu za zamani hazimo.

Ngazi ya juu yake ni mashine za FPGA, yaani chipu inayopangwa ifanye kazi kama saketi za zamani zilivyofanya. ZX Spectrum Next ni mojawapo, na mwaka 2025 jina la Commodore lilirudi na Commodore 64 Ultimate ya namna hiyo. Ni ghali zaidi, lakini hazina adapta ya kukuua wala utando wa kukatika.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, jaribu bure. Programu ya VICE huiga C64 na Fuse huiga Spectrum kwenye kompyuta uliyonayo, na JSBeeb huiga BBC ndani ya kivinjari. Cheza nazo mwezi mzima. Ukiona hamu imekwisha, umeokoa pesa. Wanaosema kuiga si halisi wana haki, ila mara nyingi wanasema hivyo wakiwa na mashine tatu kabatini zisizowaka.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Muuzaji akiandika "haijajaribiwa", soma "imejaribiwa, haiwaki". Omba video ya mashine hiyo hiyo ikiwashwa, ikionyesha namba ya chini ya kifuniko na skrini katika video moja isiyokatwa. Omba picha ya kila kitufe kikiandika. Angalia bei za vitu vilivyokwisha kuuzwa, si bei ambazo watu wanaomba. Kuhusu boksi la asili, mkusanyaji wa Ulaya hulilipia sana, lakini wewe utalilipia mara mbili kwa ukubwa wake kwenye mzigo. Mimi naliacha. Uliza pia wakala wa forodha kuhusu vifaa vilivyotumika kabla mzigo haujaondoka, kwa sababu taratibu hubadilika.

Ikishafika, iweke mbali na upepo wa bahari. Chumvi hula viunganishi vya nyuma vya Spectrum na C64, ambavyo ni shaba ya ubao iliyoachwa wazi. Sanduku la plastiki lenye mfuniko na vijifuko vya kukausha unyevu vinatosha. Umeme upitie stebilaiza.

Mwenye bajeti ndogo, fundi jirani na simu yenye tundu la hedifoni: Spectrum ya kilobaiti 48, iliyokwisha kuwekewa waya wa video na utando mpya. Anayetaka muziki na magemu bora, na yuko tayari kununua adapta mpya na kijibao cha memori kadi siku ile ile: C64 ya Ulaya, na ikiwezekana ile nyembamba ya 1986 kuendelea. Aliye Uingereza, au mwalimu anayetaka kufundishia: BBC Model B yenye kapasita mpya. Anayetaka zawadi ya mzee aliyesoma London miaka ile na hataki kusikia habari za kulehemu: The Spectrum mpya, na waya wa HDMI mrefu wa kutosha kufika kwenye kochi.

Kama umeamua C64, agiza adapta kwanza. Ikitangulia kufika, hutashawishika kulijaribu lile tofali.